Humsafar: Khirad alinyamaza, au alinyamazishwa?

SWALI: "Mwalimu, mimi na mama mkwe wangu tumemaliza kutazama Humsafar, sehemu zote 23, kila usiku mbili mbili baada ya isha. Sasa hatuelewani. Yeye anasema Khirad ndiye mfano wa mke: alisubiri, hakumtukana mtu, na Mungu akamlipa. Mimi roho inaniuma kila nikikumbuka. Kasingiziwa uchafu, katupwa nje usiku na mimba tumboni, kahangaika miaka na mtoto mgonjwa, halafu mwisho anarudi kwa mwanamume yule yule na sisi tunatakiwa tufurahi. Naomba unijibu mambo matatu. Wapakistani waliipenda tamthilia hii kwa sababu wanaamini mke anapaswa kunyamaza? Miaka minne mbali mbali, ndoa si ilishavunjika, mbona hawakufunga nikaha upya? Na ule wimbo wa mapenzi unaopigwa hata pale pa kulia, maana yake nini? Nyumbani kwetu jambo hili limeanza kuwa zito kuliko tamthilia yenyewe."

JIBU:

Dada yangu, naanza na hiyo sentensi yako ya mwisho. Naona kinachokuuma ni kwamba Khirad ameingia nyumbani kwenu na kugeuzwa kipimo. Mama akisema "Khirad hakutukana mtu", wewe unasikia "wewe je?" Basi nitajibu maswali yako matatu, lakini nitayajibu nikijua kwamba mko wawili mnaosoma, na huenda mama yuko hapo pembeni na miwani yake.

Kwa maoni yangu nyote wawili mmeona kitu cha kweli na mmekipa jina lisilo lake. Mama ameona kimya cha Khirad akakiita subira. Wewe umekiona hicho hicho ukakiita unyonge. Itazameni tena ile hadithi kwa utaratibu: Khirad anataka kusema, tena anajaribu kusema, na kila mara kuna mtu anayefunga mlango kabla hajamaliza sentensi. Mtu aliyeamua kunyamaza na mtu aliyezibwa mdomo hawafanani, hata kama kwenye kioo cha televisheni wote wawili wanaonekana wamekaa kimya.

Kwanza niondoe dhana moja. Wengi pwani kwetu huichanganya Humsafar na tamthilia za Kihindi zinazorushwa kila siku. Hii ni ya Pakistani, kwa lugha ya Kiurdu, na hadithi yake inakwenda baina ya miji miwili ya mkoa wa Sindh: Hyderabad anakotoka Khirad, na Karachi anakoolewa. Ilionyeshwa Hum TV, mara moja tu kwa wiki, Jumamosi usiku, kuanzia Septemba 24, 2011 hadi Machi 3, 2012. Zile za Kihindi za zama hizo zilikwenda miaka. Moja iliyojulikana sana ilipita sehemu 1,800. Hadithi ya namna ile huandikwa huku ikienda, na mtu aliyekufa anaweza kurudi ikiwa watazamaji wanampenda. Humsafar ilikuwa imeshakwisha kabla haijaanza. Ni riwaya ya Farhat Ishtiaq, naye mwenyewe ndiye aliyeigeuza kuwa tamthilia; Sarmad Khoosat akaiongoza, Momina Duraid na Nina Kashif wakaitayarisha. Kwa hiyo kila kinachowekwa mezani mwanzoni kina saa yake ya kuokotwa, na ndiyo maana inafaa kuisoma kwa makini, hatua kwa hatua.

Sasa tazama jinsi Khirad anavyovuliwa watetezi, mmoja baada ya mwingine. Baba hana. Mama yake, Maimoona, anaugua saratani, na kabla hajafa anamwomba kaka yake Baseerat amwoze Khirad kwa mwanawe Ashar. Kwa hiyo Ashar ni mtoto wa mjomba, na Farida, kabla hajawa mama mkwe, tayari alikuwa mkaza mjomba. Farida naye alikuwa na binti wake wa kumwoza Ashar: Sara, mtoto wa dada yake Zarina. Hapa sisi Waswahili hatuhitaji mfasiri. Binti wa shangazi amepita mbele, binti wa mama mdogo amebaki, na ugomvi wa koo mbili umetua kichwani mwa msichana aliyeletwa Karachi bila kuulizwa sana.

Mama anakufa. Anabaki mjomba, ambaye ndani ya nyumba ile ndiye ukuta wa pekee. Kisha mjomba naye anakufa. Farida hathubutu kufanya kubwa lake mpaka ukuta huo umeanguka, na hilo mwandishi amelipanga kwa makusudi. Silaha anayoitumia ni Khizar, kijana anayesoma na Khirad chuoni. Khirad ana akili ya hesabu, Ashar mwenyewe ndiye aliyefurahia aendelee na masomo. Na masomo hayo hayo ndiyo yanayogeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Ashar anafika, anamkuta mkewe chumbani na Khizar kama ilivyopangwa, na kuanzia hapo hasikii tena.

Nataka mkitazame kwa makini hicho kipande kimoja. Khirad anasema. Anamwita mumewe, anaapa, anamwomba amsikilize. Anayenyamaza usiku ule ni Ashar. Mahira Khan, anayeigiza Khirad, amekicheza kwa sauti inayokatika katikati ya maneno, na Fawad Khan, anayeigiza Ashar, amekicheza kwa uso usiogeuka. Mtazamaji anatoka hapo akikumbuka machozi ya mwanamke, wakati kosa lote limekaa katika kile kimya cha mwanamume. Usiku huo huo Farida anamtoa nje ya nyumba.

Hapo mama mkwe wako anaweza kusema kwamba ndiyo mitihani ya ndoa na dini inataka subira. Kwa heshima yake, naomba tufungue Surat an-Nur. Aya ya 4 inataka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke aliyejihifadhi, na asiyewaleta anapigwa mijeledi 80 na ushahidi wake haupokelewi tena. Mume asiye na mashahidi amewekewa njia yake, aya ya 6 hadi ya 9, ambayo wanazuoni huiita liani. Anaapa kwa Mwenyezi Mungu mara nne kwamba anasema kweli, na ya tano anajitakia laana akiwa mwongo. Kisha zamu inahamia kwa mke. Naye anaapa mara nne kwamba mume amesema uongo, na ya tano anajitakia ghadhabu ikiwa mume alisema kweli. Na kwa viapo hivyo adhabu inamwondokea. Hesabu idadi: tano kwa mume, tano kwa mke. Sheria ilimpa Khirad sentensi tano kamili, kwa idadi ile ile aliyopewa mumewe, na nyumba ya Farida haikumpa hata moja. Pakistani yenyewe ina sheria ya mwaka 1979 ya kumwadhibu mwenye kusingizia zinaa. Kwa hiyo anayesema kwamba dini ndiyo iliyomtaka Khirad akae kimya, hajaiona hiyo zamu ya mke.

Kuna jambo jingine ambalo huwapita wanaotazama kwa kufuata maandishi ya chini ya Kiingereza. Kiurdu kina "wewe" ya namna tatu. "Aap" ni ya heshima, "tum" ni ya watu waliozoeana au ya mkubwa kwa mdogo, na "tu" ni ya ukaribu mkubwa sana au ya dharau. Khirad humwita mumewe "aap", mume humwita "tum". Maandishi ya chini yote huyafanya "you", na mtazamaji wetu huona watu wawili wanaoongea sawa. Wanaojua Kiurdu walikuwa wakisikia ngazi katika kila sentensi. Sikilizeni sasa anavyozungumza Khirad anaporudi baada ya miaka minne. Adabu ya neno ipo, lakini joto limeondoka. Lile "aap" la mke limekuwa "aap" la mtu anayezungumza na karani. Hiyo nayo ni njia ya kusema. Wapakistani waliisikia, na sehemu kubwa ya mapenzi yao kwa tamthilia hii ilitoka katika vitu vidogo kama hivyo, kwa sababu televisheni yao haionyeshi wapenzi wakibusiana. Mapenzi yote inabidi yakae katika jicho, katika neno na katika kutua kabla ya neno.

Na anarudi kufanya nini? Hapa ndipo nakuomba wewe, dada, umtazame upya. Binti yao Hareem ana ugonjwa wa moyo na anahitaji upasuaji. Khirad anamwendea mwanamume aliyemfukuza na kumwambia: huyu ni wako, mtibu. Haombi kurudishwa wala kusamehewa. Anadai haki ya mtoto kwa baba yake, na kwa nafsi yake hataki kitu. Mwanamke mnyonge hafanyi hivyo. Mtu anayemeza fahari yake kwa ajili ya uhai wa mtoto, akamtazama machoni yule aliyemdhalilisha, ana uti wa mgongo kuliko watu wote waliomo katika ile nyumba kubwa.

Nije kwenye swali lako la ndoa, maana nimeona watu wengi wakilikosea. La, ndoa haikuvunjika. Kuishi mbali mbali, hata miaka kumi, hakuvunji nikaha kwenyewe. Ndoa ya Kiislamu huvunjwa kwa talaka anayoitamka mume, kwa mke kujivua kwa khului, kwa kadhi au mahakama kuifasakhi, au kwa kifo. Nadhani ile "miezi minne" wanayoitaja watu imetoka katika Surat al-Baqara, aya ya 226, lakini pale pazungumzwa mume aliyeapa kutomkaribia mkewe. Hasira na kutengana bila kiapo ni jambo jingine. Ashar alimwacha mkewe apotee, jambo baya kabisa, lakini talaka hakuitoa. Tena kwa sheria ya familia ya Pakistani ya mwaka 1961, mume anayetoa talaka anatakiwa kumwandikia mwenyekiti wa baraza la mtaa na kumpa mke nakala, na talaka haishiki mpaka zipite siku 90. Hakuna lolote kati ya hayo lililofanyika. Ndiyo maana wanaporudiana hakuna nikaha mpya: ile ya kwanza ipo bado.

Lakini jibu hilo lina upande wa pili ambao tamthilia haikuugusa, na mimi nauhesabu kuwa upungufu wake. Ikiwa ndoa ilikuwa hai, basi na haki za mke zilikuwa hai. Ashar alidaiwa matunzo ya mkewe na ya mwanawe. Hapa madhehebu yanatofautiana: kwa Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, matunzo ya mke yasiyolipwa yanabaki kuwa deni shingoni mwa mume, kwa Hanafi, ambao ndio wengi Pakistani, yaliyopita huwa magumu kudaiwa ikiwa hayakuamuliwa na kadhi au kukubaliwa na wawili hao. Na Khirad alikuwa na mlango wa kutoka. Sheria ya mwaka 1939 ya kuvunja ndoa za Waislamu, iliyorithiwa tangu enzi za Waingereza na inayotumika Pakistani hadi leo, inampa mke haki ya kwenda mahakamani mume akishindwa kumtunza kwa miaka 2, au akiacha wajibu wake wa ndoa kwa miaka 3 bila sababu ya haki. Mwaka wa pili ulipotimia Khirad angeweza kuwa huru kwa hati. Hakuna mhusika hata mmoja anayemwambia. Mtazamaji anaachwa adhani kwamba mwanamke wa namna ile ana njia mbili tu, kulia au kusubiri, na huo si ukweli wa nchi yake wala wa dini yake.

Sasa wimbo. Neno "humsafar" lenyewe ni nusu letu. "Safar" ni ile ile safari tunayoitumia kila siku, kutoka Kiarabu; "hum" inatoka Kiajemi, maana yake pamoja. Humsafar ni mwenzi wa safari, na hutumika kwa mume au mke. Mshairi ni Naseer Turabi, na shairi lake ni ghazali iliyokuwepo miaka mingi kabla ya tamthilia. Abida Parveen alishaliimba. Kwa tamthilia liliimbwa na Quratulain Balouch kwa sauti yake ile nzito isiyopambwa, na muziki ukatengenezwa na Waqar Ali.

Unauliza mbona wimbo wa mapenzi unapigwa pa kulia. Ni kwa sababu haukuzaliwa kuwa wimbo wa mapenzi. Turabi aliliandika kwa uchungu wa kuanguka kwa Dhaka, Desemba 1971, Pakistani ya Mashariki ilipojitenga na kuwa Bangladesh. Pande mbili za nchi moja zilikuwa zimesafiri pamoja miaka 24, na siku ya mwisho ikaonekana kwamba hazikuwahi kusikilizana. Ghazali inaweka maneno mawili yenye mwanzo mmoja, "humsafar" na "humnawai". La kwanza ni kusafiri pamoja, la pili ni kuwa na sauti moja. Mshairi anasema la kwanza lilikuwepo, la pili halikuwepo. Ukilitoa katika vita ukalitia katika chumba cha mume na mke wa Karachi, linakaa sawasawa. Ashar na Khirad wana nyumba moja na kitanda kimoja, lakini sauti ya mmoja haimfikii mwenziwe. Mwisho ukweli unamfikia Ashar kwa barua, maneno ambayo Khirad aliyaandika na mume hakuyasoma mpaka miaka imepita. Aliyemkatalia sauti yake ikabidi aisome kwenye karatasi. Kwa hiyo wimbo ule unapopigwa, tamthilia inataja ugonjwa wa ile ndoa kwa jina lake.

Hilo linanifikisha kwenye swali lako la kwanza, lenye jibu refu kuliko yote: kwa nini waliipenda hivyo?

Sababu moja haimhusu Khirad kabisa. Televisheni ya taifa ya Pakistani, PTV, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa na zama zake za tamthilia zilizoandikwa na waandishi wakubwa, na watu wazima wa leo wanazikumbuka kama sisi tunavyokumbuka michezo ya redio. Zikaja stesheni binafsi baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 2002, Hum TV ikazaliwa 2005, lakini miaka ile ile kebo zilileta tamthilia za India na wengi wakahamia huko. Humsafar ndiyo iliyowarudisha nyumbani: watu wanaovaa kama wao, Kiurdu kinachosemwa kama wanavyokisema, nyumba zenye mwanga wa kawaida, hadithi isiyoburuzwa miaka. Vijana waliokuwa hawatazami tamthilia za mama zao wakaanza kuuliza Jumamosi ni lini. Fawad Khan alikuwa amejulikana kwa muziki na kwa filamu ya mwaka 2007, Mahira Khan alikuwa mtangazaji wa vipindi vya muziki na ndiyo kwanza ameonekana katika filamu. Humsafar iliwafanya wawe majina ya kila nyumba. Mwaka 2014 ikaonyeshwa India kwenye stesheni ya Zindagi, na watazamaji wa nchi mbili zisizoelewana wakamlilia msichana mmoja. Mlango huo ulifungwa Septemba 2016, uhusiano wa nchi hizo ulipochafuka baada ya shambulio la Uri, kwenye kambi ya jeshi la India, na stesheni hiyo ikaacha tamthilia za Pakistani.

Lakini usidhani kila Mpakistani alishangilia. Hasira yako wewe iliandikwa kwenye magazeti yao wakati ule ule, tena na wanawake. Walisema mambo ambayo naona wana haki nayo. Angalia walivyogawiwa wanawake wale watatu. Khirad, wa mji mdogo, mwenye dupata, yaani mtandio, kichwani, ndiye mwema. Sara, aliyesoma, mwenye kazi, anayevaa anavyotaka, ndiye mbaya, na mwisho wake anajiua. Farida, mwovu kuliko wote, amefanywa mwanaharakati anayetetea wanawake hadharani, kisha nyumbani anamwangamiza mwanamke mmoja. Mwisho wake akili zinamruka. Unafiki wa namna hiyo upo duniani, sikatai. Lakini unapomchagua mtetezi wa wanawake awe ndiye shetani wa hadithi, mtazamaji anatoka na shaka juu ya kila mtetezi. Na adhabu zote mbili kubwa zimewaangukia wanawake. Ashar, ambaye neno lake moja lingeweza kuuzima ule usiku, anaadhibiwa kwa majuto na nyuso chache za huzuni, kisha anapewa mke, mtoto aliyepona na nyumba yake.

Hapo niko upande wako, dada, moja kwa moja. Msamaha wa Khirad nauelewa. Ni wake, na ana haki ya kuutoa. Ninachokiona rahisi mno ni bei aliyolipa Ashar. Tamthilia iliyotumia sehemu nyingi hivyo kutuonyesha mwanamke akinyimwa kusikilizwa, ilipaswa kumkalisha huyo mwanamume asikilize kwa muda mrefu zaidi kabla ya kumfungulia mlango. Baya zaidi, watayarishaji waliofuata waliusoma ushindi ule kombo. Walidhani kilichouza ni machozi, na miaka iliyofuata televisheni zao zilijaa wake wanaopigwa makofi na kunyanyaswa bila akili ya Khirad wala ukali wa kalamu ya Farhat Ishtiaq. Mwandishi mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka 2016 aliandika Udaari, iliyozungumza wazi juu ya mtoto anayeharibiwa na mume wa mama yake, mpaka mamlaka ya utangazaji ikaitaka stesheni ijieleze. Mtu anayeandika hivyo hawezi kuitwa mtetezi wa kunyamaza.

Kwa hiyo ukimjibu mama, usimwambie kwamba Khirad ni mjinga, kwa sababu hataafiki na atakuwa sahihi. Jaribu hivi. Rudini kwenye ile sehemu ya usiku wa kufukuzwa, mtazame kipande hicho tu, dakika kumi hazifiki. Tumieni nakala ya stesheni yenyewe kwenye YouTube, kwa sababu nakala zinazosambazwa vipande vipande hukata maneno, na zile zilizohaririwa upya kwa nchi nyingine hesabu ya sehemu haziendi sawa na 23 za asili. Zimeni maandishi yanayojiandika yenyewe, yana makosa mengi katika Kiurdu. Sikilizeni sauti. Mwambie mama ahesabu ni mara ngapi Khirad anaanza kusema, na wewe uhesabu ni mara ngapi Ashar anamjibu. Kisha muulize swali moja tu: angekuwa binti yake wa kumzaa amesimama pale nje, angetaka asubiri? Nina hakika mama yeyote ana jibu, na jibu hilo litawaweka upande mmoja.

Mtakaponyanyuka hapo, mkitaka ya kutazama pamoja, chukueni Zindagi Gulzar Hai, ya Hum TV pia, 2012 hadi 2013, ya mwandishi Umera Ahmed. Fawad Khan yumo, mama atafurahi. Mke humo anaitwa Kashaf, ana ulimi mkali na kazi ya serikali, na humjibu mumewe pale pale kwenye meza ya chakula. Nayo ina mambo ya kubishania, lakini mtabishana juu ya mke anayesema, na hilo litawapumzisha.

Jambo la mwisho, na hili nalisema polepole. Umeandika kwamba limekuwa zito kuliko tamthilia. Ikiwa uzito huo ni wa mabishano ya sebuleni, hayo hapo juu yatatosha. Ikiwa kuna mtu ndani ya nyumba yenu anayetuhumiwa jambo, au ametishiwa kutolewa nje, au hapati matunzo, mimi wa tamthilia sifai. Tafuta mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Kenya, Mahakama ya Kadhi iko kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba na inasikiliza ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Zanzibar kuna mahakama za kadhi. Tanzania Bara, shauri la kuvunja ndoa kwa kawaida hupita kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na BAKWATA, baraza kuu la Waislamu wa Tanzania, wanalo la kwao. Nenda na cheti cha ndoa au jina la aliyefungisha nikaha na mashahidi wake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi uliyoandika tarehe: lini aliacha kutoa matumizi, lini yalisemwa yaliyosemwa, nani alikuwepo. Iandike kwa mkono wako mambo yakiwa bado mabichi kichwani. Na mtu akipigwa au akitolewa nje usiku, asisubiri asubuhi kumtafuta kadhi. Aende kwa jirani au kituo cha polisi usiku huo huo, na kwenye dawati la jinsia kama kituo kinalo.